Usinunue alteneta kabla hujamlipa mtu kupima

Leo naongea na wenye Kirikuu, Townace, Noah na gari nyingine za zamani zinazobeba mzigo wa biashara. Mimi nauza spea huku Mbagala, kwa hiyo mtu akinunua alteneta mimi napata. Pamoja na hayo nasema wazi: wateja wengi wanaokuja dukani na karatasi ya fundi hawajui kama hicho kitu walichoandikiwa kimekufa kweli. Na mara nyingi fundi mwenyewe hajui, kwa sababu hakuna aliyepima.

Inaendaga hivi. Gari imekuwa nzito, au asubuhi haiwaki, au taa zinafifia ukiwa kwenye foleni. Fundi anafungua boneti, anasikiliza, anatikisa waya mbili tatu, anasema "boss, hii alteneta hii." Unakuja dukani, unalipa, inafungwa. Siku ya tatu tatizo limerudi. Sasa unaambiwa itakuwa betri. Unanunua betri. Wiki ijayo ni pampu ya mafuta. Na ukumbuke maduka mengi ya spea, kuanzia Gerezani Kariakoo mpaka huku kwetu, yana tangazo ukutani: vitu vya umeme vikishauzwa havirudishwi. Sisi wauzaji tuna sababu zetu, maana kitu kikifungwa kwenye gari yenye shoti kinaweza kurudi kimeungua. Lakini maana yake kwako ni kwamba fundi akibahatisha, hela inayochezewa ni yako peke yako.

Kwa nini fundi anabahatisha? Wengi mnasema mafundi ni matapeli. Wapo, sikatai. Ila mimi naona tatizo kubwa ni kwamba hatumlipi fundi kufikiri, tunamlipa kufungua na kufunga. Hapa nje ya duka kuna siku fundi alihangaika na Townace kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa sita. Mwisho akakuta waya umelegea nyuma ya alteneta, akaukaza, gari ikapona. Mwenye gari akatoa buku mbili. "Si umekaza tu?" Sasa gari inayofuata ikija na dalili ileile, unategemea yule fundi atasema nini? Atasema alteneta, kwa sababu alteneta ina hela ya ufundi, na ina cha juu.

Tuongee na hiyo cha juu. Fundi anakuja dukani kabla yako au anapiga simu: "Andika mia na hamsini, mimi chukulia mia na ishirini." Hiyo elfu thelathini ndiyo mshahara wake wa kufikiri, ameuficha ndani ya spea. Mimi siandiki bei mbili, na kuna mafundi wameacha kuleta wateja kwangu kwa sababu hiyo. Siwachukii. Ila ona mfumo ulivyo: fundi anapata hela pale tu unaponunua kitu. Akikuta hakuna cha kununua, amefanya kazi bure. Wewe ungekuwa yeye ungefanyaje?

Ndiyo maana nasema hela ya kupima itolewe mezani, waziwazi, kabla boneti haijafunguliwa. Elfu ishirini, elfu thelathini, mnavyoelewana. Unalipa hata kama hakuna kitu kitakachobadilishwa.

Sasa kwa nini naanza na umeme wakati mtu analalamika gari haina nguvu? Kwa sababu kwenye gari za sindano za mafuta, yaani zenye nozo na kompyuta badala ya kabureta, nguvu ya injini inaanzia kwenye umeme. Pampu ya mafuta ni mota, volti zikishuka inazunguka pole pole na presha ya mafuta inapungua. Koili ikipata volti ndogo, cheche ya plagi inakuwa dhaifu, gari inamisi hasa ikiwa na mzigo. Sensa zinatuma taarifa kwenye kompyuta kwa volti ndogo ndogo, na kompyuta inalinganisha kila kitu na eathi, yaani ule upande wa hasi uliofungwa kwenye bodi na injini. Eathi ikiwa mbovu, kompyuta inadanganywa. Unakuta gari ina dalili za pampu, za koili na za sensa kwa pamoja, kumbe ni waya mmoja umeliwa na kutu.

Kuna dada anauza viazi, anabeba kutoka sokoni kupeleka Chamazi. Gari yake ilikuwa inakata ikipanda mlima na taa zinapepesa. Alishafunga betri mpya na alteneta ya mtumba alipofika kwangu anataka pampu ya mafuta. Nikamwambia dada, subiri kwanza, nikampeleka kwa fundi umeme wa jirani mwenye mita. Haikuchukua nusu saa. Waya wa eathi kati ya injini na bodi ulikuwa umebaki nyuzi chache tu, zingine zimegeuka unga wa kijani. Waya mpya na vichwa vyake viwili, basi. Pampu hakununua.

Hivyo vipimo unaweza kuvijua hata wewe usiye fundi. Mita ya umeme ya kawaida dukani kwangu haizidi elfu ishirini. Iweke kwenye volti za DC.

Cha kwanza, asubuhi kabla hujawasha gari, pima betri. Ikiwa imejaa inasoma kama 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikisoma chini ya 12 iko hoi, ichajiwe kwanza ndiyo uihukumu, maana betri isiyo na chaji haina tofauti na betri iliyokufa mpaka uichaji. Halafu mwenzako apige stata huku unaangalia mita. Volti zitashuka, hiyo ni kawaida, lakini zikishuka chini ya 9.6 na betri ilikuwa imejaa, betri imechoka.

Cha pili, gari ikiwa inawaka pima tena pale pale kwenye betri. Unatakiwa uone kama 13.8 mpaka 14.5. Washa taa kubwa, feni, redio. Ikibaki juu ya 13 na ushee, alteneta yako inafanya kazi na anayekwambia ununue nyingine anakuonea. Ikipita 15 hiyo ni hatari nyingine, inachemsha betri na kuunguza balbu.

Ikisoma chini ya 13, bado usikimbilie dukani. Hapa ndipo watu wengi wanapoteza hela. Angalia mkanda kwanza kama haujalegea. Kisha pima nyuma ya alteneta yenyewe, kwenye ile nati ya waya mkubwa. Kama pale unasoma 14.2 na kwenye betri unasoma 12.8, alteneta ni nzima kabisa! Umeme unapotelea njiani, kwenye waya, kwenye fyuzi kubwa, au kwenye kiungo kilicholegea. Ukifunga alteneta nyingine utapata 14.2 ileile nyuma na 12.8 ileile mbele.

Cha tatu ni eathi. Mguu mmoja wa mita weka kwenye nguzo ya hasi ya betri, kwenye risasi yenyewe, siyo kwenye kishikizo chake. Mguu mwingine weka kwenye chuma tupu cha injini. Mwenzako apige stata. Mita inatakiwa isome karibu na sifuri. Ukiona nusu volti au zaidi, umeme unapata shida kurudi, safisha au badilisha waya. Huku kwetu hewa ina chumvi ya bahari, na masika maji yanaingia kila mahali, kwa hiyo kutu kwenye viungo ni jambo la kawaida kuliko alteneta kufa. Anayepita kwenye maji ya Jangwani mvua ikinyesha anajua ninachosema. Na joto la Dar ndilo linalomaliza betri mapema, kwa hiyo betri ya miaka mitatu ikianza kulegea usishangae.

Halafu kuna vitu tunavyofunga wenyewe. Kirikuu ya kuuza nyanya mtaani siku hizi ina spika ya matangazo juu. Gari imezimwa, spika inaimba "nyanya nyanya nyanya" kuanzia asubuhi. Piga hesabu: amplifaya ya wati 100 ikifanya kazi kwa nguvu zote inakula kama ampia 8. Betri ndogo ya NS40 uwezo wake ni kama ampia-saa 32. Masaa mawili tu nusu ya betri imeondoka, na betri za gari hazijatengenezwa kushushwa hivyo kila siku. Baada ya miezi michache unasema betri za siku hizi ni feki. Tafuta betri ya pembeni kwa ajili ya spika, au washa injini kila baada ya muda.

Kama betri inalala nzima inaamka imekufa, kuna kitu kinakula usiku. Fundi mwenye mita anatoa waya wa hasi na kuweka mita katikati, upande wa ampia. Gari ikiwa imefungwa na imetulia dakika kadhaa, isizidi 0.05. Ikizidi, anachomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke, na hapo amempata mwizi. Mara nyingi ni redio iliyofungwa kienyeji, alamu, au taa za urembo. Usipige stata mita ikiwa imekaa hivyo, utaiunguza.

Na fyuzi ikikatika, tafadhali, usizungushie karatasi ya sigara wala waya. Fyuzi ya ampia 15 imewekwa pale ili ikatike yenyewe kabla waya haujawaka moto. Fyuzi inauzwa kwa shilingi mia kadhaa, gari ikiungua na mzigo ndani hakuna wa kukulipa.

Haya, umeme umepimwa uko sawa na gari bado ni nzito. Kabla hujamruhusu mtu kusema neno "injini", jiulize umebeba nini. Kirikuu ya sisi 660 huko Japani imeruhusiwa kubeba kilo 350. Hizo ni gunia tatu na nusu za kilo mia mia. Sisi tunapakia lumbesa sita na watu wawili juu halafu tunalalamika inapanda kwa kulia. Hiyo gari haiumwi, imeonewa.

Kama mzigo ni wa kawaida, kuna mambo mawili unayaangalia bure. Ukishuka baada ya mwendo, sogeza mkono karibu na kila rimu. Moja ikiwa ya moto sana kuliko zingine, breki inashika na unaendesha gari iliyofungwa nusu. La pili, ukiwa gia ya tatu kwenye mlima ukikanyaga mafuta, injini ikipandisha mngurumo lakini spidi haiongezeki, hiyo ni klachi inateleza. Pampu ya mafuta haihusiki hapo.

Filta ya hewa ni ya tatu. Wanaofanya kazi barabara za vumbi za pembezoni, Mbande na kwingineko, filta ya kubadilisha kila mwaka haiwafai. Itoe, igonge, iangalie kwenye mwanga.

Mafuta machafu ni kisingizio kinachotumika sana siku hizi. Zamani kweli watu walikuwa wanachakachua kwa mafuta ya taa. EWURA wakaanza kuweka alama kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya iondoke. Uchafu na maji bado vinaweza kuingia, lakini fundi akikwambia "ni mafuta ya sheli ile" muombe atoe filta ya mafuta muione, au apime presha. Kusema tu haitoshi.

Themostati nayo ina kesi yake. Mafundi wengi huku wanaitoa na kuitupa, eti nchi yetu ni ya joto haihitajiki. Injini bila themostati inachelewa kufikia joto lake. Kompyuta inadhani bado asubuhi ya baridi, inaongeza mafuta. Matokeo yake gari inakunywa na plagi zinakuwa nyeusi. Themostati ikikwama ibadilishwe, isitupwe.

Masega ya ekzosi yakiziba pia yanaua nguvu. Gari inawaka vizuri, sailensa iko poa, lakini ukikanyaga inabanwa kama mtu aliyezibwa pua, na upepo unaotoka nyuma ni dhaifu. Hilo linapimika kwa kuangalia presha kabla ya masega. Ila akitokea mtu kukushauri uyatoe ili gari iwe nyepesi, na hajapima chochote, muulize masega yenyewe atabaki nayo nani. Mle ndani kuna platinamu na paladiamu, madini ya bei, na wanunuzi wapo.

Ikifika kwenye kushusha injini, usikubali bila kupimiwa kompresheni silinda moja moja. Namba zinatakiwa zikaribiane. Moja ikiwa chini, inawekwa oili kidogo kwenye silinda hiyo na kupimwa tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, ni valvu au gasketi. Hapo ndipo unajua unaenda kulipia nini.

Kuhusu kompyuta. Siku hizi kila kijana ana kile kifaa kidogo cha Bluetooth cha kusoma kodi za hitilafu. Kizuri, lakini gari nyingi za Japani za miaka ya 90 hazizungumzi nacho. Kikikataa kuunganika usiambiwe kompyuta imekufa. Kwenye Toyota nyingi za zamani fundi anaunganisha matundu ya TE1 na E1 kwenye soketi ya kupimia chini ya boneti, kisha anahesabu taa ya injini inavyopepesa. Na kodi ikitoka haikutajii spea ya kununua. P0171 inasema tu mchanganyiko una hewa nyingi mafuta kidogo. Inaweza kuwa bomba la hewa limepasuka, sensa ya hewa imechafuka, au pampu imechoka, na pampu inaweza kuonekana imechoka kwa sababu ya waya ule ule wa eathi. Anayesoma kodi na kukuandikia sensa hapo hapo hajapima, amesoma tu.

Sasa najua kuna mtu atasema: nikimlipa hela ya kupima si atakula halafu aseme hajaona kitu? Inawezekana. Kwa hiyo usinunue maneno, nunua namba. Mwambie fundi hivi kabla hajaanza: "Kaka, elfu ishirini yako ya kupima hii hapa. Nataka uniandikie betri ikiwa imezimwa ni ngapi, ikipigwa stata ni ngapi, ikiwaka ni ngapi, nyuma ya alteneta ni ngapi, eathi ni ngapi." Namba tano. Fundi asiye na mita utamjua hapo hapo, ataanza kucheka. Mwenye mita atakuheshimu, na hiyo karatasi ni mali yako, unaweza kwenda nayo kwa fundi wa pili bila kuanza upya. Ipeleke gari siku ambayo huna mzigo, Jumapili mchana kwa mfano, siyo alfajiri ukiwa na nyanya nyuma, maana mwenye nyanya nyuma anakubali chochote.

Na ukija dukani njoo nayo. Mteja akileta karatasi imeandikwa nyuma ya alteneta 12.3, kwenye betri 12.3, mkanda mzima, waya na fyuzi zimeangaliwa, namuuzia alteneta bila maswali. Akileta 14.2 nyuma na 12.8 kwenye betri, namuuzia mita moja ya waya mnene na vichwa viwili, aende zake sokoni.